Kwa Mama Aliyesomea Nje ya Darasa

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Ulipokuwa hai mila haikuturuhusu kusalimiana uso kwa uso, kwa hiyo leo nakusalimu kwa barua.

Unakumbuka darasa la kisomo pale Munisagara, kijiji cha ujamaa kilipoanza? Mwalimu pekee nilikuwa mimi, mkweo. Watu wakasema basi, masomo umeyakosa. Wewe ukaja na kigoda chako ukakaa nje, nyuma ya ukuta wa mabua, ukawa unajibu kwa sauti kubwa kuliko waliokuwa ndani. Mimi ni mtu wa haraka, subira sina, na wewe uliyezoea Kisagara tu, Kiswahili kilikugomea misimu miwili ya mvua. Nilitaka kukuambia upumzike. Ukamtuma binti yako, mke wangu: "Mama anasema unakwenda mbio kama umefukuzwa na nyuki. Rudia." Darasa zima likacheka. Nikarudia, nimenuna.

Sababu yako niliijua. Ulichoka kumweleza daktari maradhi yako ya kike kwa mdomo wa mtoto wako. Siku mke wangu aliporudi kutoka hospitali ya Kilosa akaniambia, "Leo mama kaniambia nikae nje, ataongea mwenyewe," nilikwenda kuzunguka shambani peke yangu kwa furaha.

Kesho tunamaliza tanga lako, na mkwe lazima aseme. Wazee wamenionea huruma: "Sema Kiswahili tu, mwalimu, tutakuelewa." Nimekataa. Miaka yote hii nimekaa kwenu, na Kisagara changu ni cha salamu na chakula. Naona aibu, mama. Tangu asubuhi nazunguka uani nikijifunza maneno ya kukuaga. Yananiponyoka, naanza upya. Mke wangu ananisahihisha huku akipepeta mchele wa wageni.

"Keti basi, baba, unanitia kizunguzungu!"

Siwezi kuketi. Naogopa, tena kuliko siku niliyoshika chaki mara ya kwanza.

Najua watacheka. Wacheke. Nitalirudia neno moja mpaka litoke, hata ubwabwa upoe, na sitakaa chini kabla sijakuaga kwa lugha yako.

Mkweo,
mwalimu.