Kiti cha Kushoto

Bi Zuwena, mke wangu,

Uniwie radhi. Tangu mvua za vuli zianze sijakuandikia hata mstari mmoja. Wewe ulikuwa ukisema kwamba mimi nikinyamaza sana, ni dalili kwamba nimekasirika. Ni kweli. Nimekasirika, na aliyenikasirisha ni ndugu yako.

Seif amelimaliza gari letu.

Nianze mwanzo, maana ukisikia nusu utamtetea kama ulivyozoea. Petroli imekuwa adimu. Tunapanga foleni, na tunachopimiwa hakitoshi kwenda Chwaka na kurudi kila mwezi. Nawe uliniachia neno moja tu: "Mwezi ukiandama, nenda kamtazame mama." Basi Seif, ambaye Mungu amempa cherehani na akamnyima subira, alikuja akalizunguka gari, akilitazama kama mteja aliyesimama kupimwa. Akasema, "Shemeji, kanzu ikizidi naipunguza. Hili nalo limezidi. Tukilipunguzia uzito litakunywa kidogo."

Nilidhani anatania. Niliporudi kutoka msikitini, tairi la akiba na jeki vilikuwa vimekaa barazani kwangu kama wageni.

Safari iliyofuata, tairi lilitoboka kabla hatujafika Dunga. La kubadilisha halikuwapo, na jeki haikuwapo. Wanaume wa pale wakalinyanyua gari kwa mikono, sisi tukalishindilia tairi majani makavu ya mgomba, tukaingia Chwaka tukipepesuka. Nilitarajia Seif aone haya. Alikuwa akicheka. "Umeona, shemeji? Lingekuwa zito lisingenyanyuka!"

Akaendelea. Akang'oa bampa la mbele na la nyuma. Akatoa kiti cha nyuma. Akatoa mikeka ya mpira ya chini, ile uliyokuwa ukiiosha kila Alhamisi. Kisha akatoa honi. Honi, Bi Zuwena! Honi ina uzito gani? Mimi, niliyefundisha watoto wa mji huu kunyamaza, sasa natoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Simile! Simile!" kama hamali mwenye gari la kusukuma. Juzi nilipita karibu na baraza la Kikwajuni, muuza kahawa akaniita mbele ya watu wote: "Mwalimu, gari lako limeanza kufunga kabla mwezi haujaandama?" Baraza zima likaangua kicheko. Nilimsalimu, nikaenda zangu.

Ungalikuwapo ungalisema, "Mwalimu, gari si daftari la mwanafunzi, acha kulikagua." Ulisema hivyo kila nilipoinama kusikiliza injini. Lakini mtu asilikague vipi gari ambalo ukiliacha mchana kutwa, jioni lina upungufu?

Sasa sikiliza ya mama yako.

Alipoona mahali palipokuwa na kiti cha nyuma, aliinua mikono. "Alhamdulillahi! Leo mmekuja na nafasi." Akaanza kupakia. Nazi. Muhogo. Mkungu wa ndizi. Kapu la samaki wa kukaanga. Kuni, kana kwamba mjini hatuna moto. Kuku wawili waliofungwa miguu. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba gari limepunguzwa kusudi liwe jepesi. Akanijibu, "Ndiyo maana nnalijaza, baba. Mkwe wangu arudi mjini na gari tupu, watu wa Chwaka watanionaje?"

Wewe unajua: mimi si mtu wa kumrudishia mama mkwe muhogo wake. Tukaondoka, bomba la moshi likikwaruza barabara na kuku wakipiga kelele mgongoni mwa Seif. Petroli ikatuishia Mwera. Tukalisukuma.

Hapo Seif, jasho likimtoka, akachungulia ndani ya gari kutafuta kilichobaki. Kilichobaki ni kiti changu na kiti chako. Akasema taratibu, bila kunitazama, "Kiti cha kushoto kitupu, shemeji. Hakikaliwi na mtu."

Ni kweli hakikaliwi. Yeye mwenyewe, tangu alipotoa kiti cha nyuma, hukaa sakafuni juu ya gunia, magoti yakimgusa kidevu, mpaka Chwaka. Sikumwambia akae huko. Wala hajawahi kuniuliza kama anaweza kuja mbele.

Utaniuliza kwa nini sipandi basi la shamba kama watu wengine. Nilipanda, mara moja. Mama yako alitoka uani akanipita bila salamu, akatazama njiani nyuma yangu, akauliza, "Gari liko wapi?" Nikamwambia limebaki mjini. Akasema "Aa," akarudi ndani.

Sikukuandikia jambo hili kabla ya leo, kwa sababu sikujua niliandikeje. Kila tunapofika, mama yako hutoka kabla injini haijazimwa. Huufungua mlango wa kushoto, huketi kwenye kiti chako, hujitanda kanga vizuri, kisha huufunga mlango. Haendi popote. Hukaa humo mpaka chai iwe tayari, mkono wake ukishika pale ulipokuwa ukishika wewe kwenye kona za Dunga. Siku moja alinisemesha kupitia dirishani. "Mwanangu kakikalia sana hiki. Kimebonyea." Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Basi niambie mimi nifanye nini. Nikikitoa, petroli itatosha kila mwezi, nami nitakuwa nimetimiza neno lako; lakini nitampelekea gari lisilo na anachokifuata. Nikikiacha, atakaa miezi akisikiliza njia. Na kumwambia asipakie muhogo, hilo hata wewe usingethubutu.

Jana baada ya sala ya Ijumaa Seif alikuja na spana. Nilimwacha nje, nikabaki ndani, kwa sababu sikutaka kuona. Alikaa ndani ya gari muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema, "Shemeji, bolti zimegoma. Zimeshika kutu." Alipoondoka nilikwenda kukagua, kama ilivyo kawaida yangu. Hazina kutu, Bi Zuwena. Hazina hata mkwaruzo wa spana. Ndugu yako ni mwongo, na mara hii sikumsahihisha.

Mwezi utaandama karibuni, na lazima niwe nimekwisha kuamua. Nikiamua nitakuandikia siku hiyo hiyo. Sitakaa kimya tena. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Leo asubuhi nimekipangusa kiti chako vumbi, bonyeo lako nimeliacha lilivyo.

Mumeo,
Mwalimu