Mbuzi Wako, Yaya

Lakini sikumaliza kukuambia habari ya mbuzi wako, Yaya, kaka yangu. Mara ya mwisho nilipokuja hapo Beni, mvua ilinifukuza kaburini kwako nikiwa bado kwenye sifa za Kasereka, na najua ulinicheka. Ulizoea kusema kwamba mimi nikianza kumsifu mtu, hata Mungu hukaa chini. Basi kaa chini tena, kwa sababu leo nakuandikia nikiwa mke wa mtu! Masika wako ni mke wa Kasereka, anakaa Butembo katika nyumba yenye mabati mapya na dirisha linalotazama mikaratusi. Kila asubuhi naamka kabla yake ili nimtazame tu. Akifumbua macho najifanya natafuta kiberiti.

Hamkuonana, na hilo ndilo linaloniuma katikati ya furaha hii yote. Ungempenda. Anapeleka chumvi, sabuni na vitenge Manguredjipa, kwa wachimba dhahabu. Tulipokuwa bado wachumba, watu wenye silaha walimkamata njiani. Walichukua mzigo, walichukua baiskeli, wakamvua hata viatu. Alirudi miguu mitupu, mdomo umepasuka, akaja moja kwa moja nyumbani kwetu kabla hajanawa. Akafungua shati, akatoa kitambaa nilichomdarizia majina yetu mawili. Alikuwa amekifunga tumboni. "Hii hawakuiona," akasema, akicheka na damu mdomoni. Yaya, niambie, mtu wa namna hiyo unafanyaje usimpende?

Kisha akaacha kucheka. "Masika, ile njia sitaipita tena mikono mitupu. Nitanunua bunduki."

Sikuweza kumlaumu. Tangu vita vilipoanza, bunduki zinauzwa huku kama majembe. Askari asiyelipwa anauza yake kwa yeyote mwenye cha kumpa, anaondoka, na hakuna anayemuuliza mnunuzi kama anajua inavyofunguliwa. Lakini Kasereka alipokuwa akisema, mimi sikumwona yeye. Nilikuona wewe.

Nilikuona katika ua wa rafiki yako Kambale, siku ile ulipompelekea redio yake uliyoitengeneza. Alikuwa amenunua bunduki kwa askari aliyekuwa anakimbia, apate kulinda duka lake, naye alitaka kukuonyesha. Alitoa chargeur, kile kisanduku cha risasi, akakiweka juu ya meza kando ya chai yako. Akasema, "Usiogope, haina kitu." Hakuwa anadanganya. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kisanduku kikitoka, risasi moja inaweza kubaki ndani ya mtutu. Hiyo moja ndiyo iliyotoka ikakupata.

Na wewe, Yaya. Wewe! Ulinipiga mkono siku niliyochomoa waya wa amplifaya ya kanisa nikataka kuingiza vidole. "Masika, kuchomoa haitoshi! Moto ya umeme unabakiaka ndani. Ngoja, upime kwanza." Nililia kwa aibu mbele ya wanakwaya, ukaninunulia maandazi ili ninyamaze. Mara nyingi nafikiri juu ya hilo. Ulijua habari za vitu vinavyobaki ndani. Ila vya redio tu. Vya bunduki hakukuwa na mtu wa kukupiga mkono.

Sasa nifike kwenye mbuzi.

Siku ya mahari, unajua desturi yetu, kila mbuzi ana mwenyewe. Kuna wa baba, kuna wa mjomba, kuna wa nyanya, na kuna wa kaka wa bibi harusi. Walipofika kwa mbuzi wako, mjomba wa Kasereka, ambaye ndiye alikuwa msemaji wao na mtu wa mzaha mwingi, akasimama akishika koti lake. "Mais, lakini ndugu ya bibi haiko! Donc, basi hii mbuzi tunarudi nayo. Inajua njia."

Shangazi hakumwacha. "Ikirudi, mutoto wetu naye anabaki. Mutaenda kuoa hiyo mbuzi!"

Watu wakacheka, wa kwao na wa kwetu. Kisha kicheko kikaisha vibaya, kwa sababu baba alikuwa anatazama chini na mama ameingia ndani. Ndipo nikaitwa nije kujibu kama mahari ipokelewe. Bibi harusi anatakiwa kuitika tu na kuinamisha kichwa. Niliinamisha, Yaya, nakuapia. Lakini mdomo haukufuata.

Nikasema, "Baba, mbuzi ya Yaya nitaitaja mimi. Isiwe ya miguu. Kasereka asinunue bunduki, wala asiiguse, mpaka mutu anayeijua amufundishe. Na huyo mutu akuje aseme mbele yako kwamba Kasereka amejua. Ndiyo mbuzi ya Yaya."

Mjomba wake akapiga makofi. "Eeh! Huyu anaweka sheria mbele ya kuweka sufuria!"

Wengine waliguna. Mimi nilikuwa namtazama Kasereka peke yake. Nilijua kwamba akikunja uso tu, nimempoteza, na kwamba akikunja uso, sitaweza kurudisha maneno yangu. Baba alingoja makofi ya yule mzee yaishe. Akasema, "Hiyo nimekubali." Na Kasereka wangu, katika suti ya kuazima yenye mikono mifupi, akasimama. "Papa, nitaileta."

Hapo ndipo nilipoolewa, Yaya. Kanisani tulienda kuimba tu.

Mwalimu tulimpata karibu. Ni mzee anayeuza maziwa nyuma ya kanisa letu, ambaye zamani alikuwa askari, na watu wote wanamwita Papa Adjudant, kwa cheo chake cha jeshini. Alimpa Kasereka fimbo ya mkaratusi. "Hii ndiyo bunduki yako. Iko na risasi leo, kesho, siku zote. Usielekezee mutu, hata kuku." Kwa hiyo nilianza ndoa yangu na mume na fimbo. Nikipita na sahani, anaielekeza chini. Mgeni akibisha hodi, anaiweka ukutani kwanza, ndipo anafungua. Nilicheka mpaka nikachoka kucheka, na baada ya hapo nikaanza kuona uzuri wake. Mtu anayejifunza kutokukuumiza anapendeza, Yaya. Hilo sikuwahi kulisoma sekondari.

Siku moja, uani kwa mzee, jirani alimsalimu kwa nyuma. Kasereka akageuka kuitika na fimbo ikageuka naye, mpaka ikasimama usawa wa mama mmoja aliyekuja kununua maziwa. "Umemuua huyu mama," mzee akasema. "Umemuua na batoto wake bamebaki. Anza tena mwanzo." Mama akatazama kifua chake, akasema, "Na maziwa ya marehemu mutanipa, ama?" Tulicheka wote. Kasereka hakucheka. Alianza tena mwanzo.

Kisha muuzaji wa bunduki akaja. Mzee alikuwa ametaka waonane uani kwake, mchana, mbele ya macho yake. Muuzaji alikuwa kijana mwenye suruali ya jeshi na fulana ya timu ya mpira. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko, mkono mdomoni. Kijana akatoa chargeur, akakiweka mfukoni, akanyoosha mkono wenye bunduki. "Iko bule, Papa. Hakuna kitu. Kamata."

Maneno yale yale, Yaya. Karibu yale yale.

Kasereka aliipokea. Aligeuza mtutu kwenye lundo la udongo ambako hapakuwa na mtu, akaweka kidole mbali na pale pa kufyatulia, akavuta ule mkono wa chuma ulio ubavuni. Kitu kikaruka. Kilianguka katikati ya mahindi ya kuku, na kuku mmoja akakikimbilia, akakidonoa, akakiacha.

Ilikuwa risasi.

Kijana ndiye aliyecheka kwanza. "Ah, ile nilisahau." Akaiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaitia mfukoni kama mtu aliyeangusha kifungo.

Ni ndogo, Yaya. Sikuwahi kuiona kabla ya siku ile. Ni ndogo kuliko kidole changu, na ya namna hiyo ndiyo iliyokuchukua wewe pamoja na mikono yako yote mizuri.

Kasereka akamrudishia bunduki ikiwa wazi, akasema, "Leo hapana," akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Alikuwa amechuchumaa. "Masika," akasema, "mimi pia ningesema haina kitu. Ningekuambia wewe, jikoni, na ungeniamini."

Ningemuamini. Hilo ndilo linalonitisha hata sasa.

Hakununua. Sitakudanganya kwamba hatanunua kamwe. Njia ya Manguredjipa haijapona, na mimi namtaka hai kuliko ninavyotaka kusifiwa. Kwa sasa amepatana na wafanyabiashara wengine kusafiri pamoja. Habari ya uani ilitembea mtaani, na chefu wetu, mkuu wa mtaa, akatangaza kwamba hakuna atakayeshika zamu ya ulinzi akiwa na bunduki kabla hajapita kwenye fimbo ya Papa Adjudant. Wapo wanaocheka. Wapo wanaokuja. Jumamosi nzima nawaona wanaume wakubwa wakizunguka uani na vijiti vyao, wakiviogopa.

Na mzee alikuja nyumbani kwa baba, amevaa koti lake la ibada. "Huyu kijana amejua." Baba akavua kofia. "Basi, mbuzi ya mutoto wangu imefika," akasema, na mama safari hii hakuingia ndani.

Imebaki kitu kimoja. Papa Adjudant anasema fimbo inafundisha mikono, lakini anahitaji mtu wa kuwasimulia wanaojifunza yaliyompata. Kasereka akaenda Beni kumwona Kambale. Alimkuta dukani. Kambale alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu, "Masika anasema nini?" Unajua kwamba Kambale hajawahi kufika kaburini kwako? Siku ya matanga alikaa nje ya ua, na mama ndiye aliyempelekea maji. Tangu siku ile hakuna aliyemwita.

Basi nimemwita mimi. Mwezi huu haujaisha utatuona, Yaya, mimi na shemeki yako Kasereka, na Kambale katikati. Mimi nitamshika mkono mmoja, Kasereka atashika wa pili. Akishindwa kusema nawe, tutasimama naye mpaka aweze, hata mvua ikinyesha. Safari hii haitanifukuza.

Mdogo wako anayekupenda,
Masika, mke wa Kasereka