Sisimizi wa Kitanda cha Baba Yako

Mon Repos, Morisi

Mwanangu Hemraz,

Nakusalimu kwa mapenzi ya mama. Hujambo huko Ufaransa? Mkeo hajambo? Baridi isikuingie kifuani. Sisi huku tunapumua. Bibi yako hajambo, ila masikio yamefunga kazi. Dada yako Sarojini hajambo. Mumewe naye hajambo, kazi bado hana, wala haimkeri. Shangazi yako Subadra hajambo, habari zake zinakuja. Hata yule mbwa uliyemwacha mdogo hajambo. Asiye na ujambo ni baba yako.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi. Amelazwa, wanataka kukikata wauokoe mguu, lakini upasuaji umeahirishwa mara mbili, maana kila wakimpima asubuhi sukari iko juu kama moshi wa kinu cha miwa. Daktari, binti mdogo lakini mdomo anao, alisema akimpasua hivyo kidonda hakitafunga, kitaoza, na itabidi aufuate huo ubovu mpaka gotini. Sikusoma, lakini hilo nililielewa: shira ikimwagika, wadudu hawangoji kualikwa.

Baba yako akamcheka. Akamwambia, binti yangu, mimi nimepika sukari ya kinu kizima tangu hujazaliwa, leo sukari inipike mimi? Wagonjwa wenzake wakapiga makofi. Wajinga wamepata mfalme! Mguu unanuka, yeye anatafuta wa kumshangilia.

Mkosaji nilidhani namjua. Shangazi yako kila jioni alileta kibakuli cha halua ya hekaluni, na chakula kilichobarikiwa nani atakikataa? Mwanamke yule tangu harusi yangu anajiona yeye na miungu wamenyonya titi moja. Juzi, upasuaji ulipoahirishwa tena, nilimvaa pale pale wodini. Nikamwambia, wifi, kama una haraka ya kuchoma maiti ya kaka yako, sema tukapasue kuni, usimuue kwa kijiko kijiko. Alichota halua akanisukumia mdomoni. Mwanangu, haikuwa na sukari hata chembe, kama natafuna mkeka. Ndipo akaniuliza, haya wifi, kuni umeshapasua?

Nesi alicheka mpaka akaangusha sahani. Alipoinama kuiokota akaona sisimizi, mstari mrefu, wanapanda mguu wa kitanda na kuingia kwenye foronya. Akaitikisa. Zikaanguka peremende za asali na lozi, za huko kwenu, na makaratasi yake kibao, na boksi lake lenye utepe. Baba yako akafumba macho kama mtoto aliyekojoa kitandani. Tukambana nani kaleta. Akasema ni mtoto wa jirani Baichoo aliyekuja likizo kutoka huko, kapewa na Hemraz.

Wewe! Mwanamume mzima na ndevu zako! Unajua baba yako ana sukari tangu hujaondoka. Huandiki, simu tukipiga hupokei, halafu siku ukikumbuka una wazazi unatuma boksi la sumu lenye utepe! Nilimtukana shangazi yako bure. Yale matusi ni yako, yachukue.

Nikalishika lile boksi nilitupe. Baba yako akalikumbatia kwa mikono miwili. Akasema wala hazipendi, zinamnasa kwenye meno, lakini anakula moja kila akitaka kulala kwa kuwa zimetoka kwako, na zikiisha hajui lini utamkumbuka tena. Nikazimwaga peremende nje, boksi nikamrudishia.

Peremende nimewaachia sisimizi. Upasuaji umewekwa Alhamisi ijayo, ikiwa sukari itashuka. Daktari amesema safari hii ikishindikana, hatakata tena kidole, atakata mguu. Barua hii anakuletea huyo huyo mtoto wa Baichoo, kwa hiyo usiniambie haikufika.

Nisalimie mkeo na wajukuu nisiowajua sura. Usitume kitu chochote chenye utepe. Mpigie baba yako kabla ya Alhamisi, hata kama huna la maana la kumwambia. Apate kitu kingine cha kulalia. Nijibu upesi, mwanangu, upesi.

Mama yako,
Parvedi