Ushuhuda wa Ronald

Northfield, Birmingham

Kwako wifi yangu Salina,

Bwana asifiwe. Hujambo, na lile goti linaendeleaje? Sisi tuko, ingawa baridi imeanza kutuuma. Chebet amefaulu mtihani wa kuendesha gari.

Alhamisi ndugu yako atapimwa na daktari wa wanajeshi waliostaafu, kwa sababu ya ule ugonjwa wa kukatika pumzi akiwa amelala. Shati nimeshapiga pasi. Lakini wifi, mwezi uliopita Ronald alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemponya. Tulipiga makofi, mchungaji akamkumbatia. Tangu siku hiyo mashine yake ya kupumulia iko juu ya kabati.

Jana nikamuuliza, "Sasa daktari utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimepona. Ama unataka nimfanye Mungu mwongo mbele ya mzungu?"

"Na mimi ninayekutikisa kila usiku?"

Akacheka. "Mama Chebet, wewe huwa unaota."

Wifi, siku hizi naogopa kusinzia. Pumzi yake ikikatika, naweka mkono kifuani pake na kuomba irudi. Kwamba Mungu anaponya, naamini. Ila huyu bado hajapona, na mimi nikiingia kwa daktari kusema hivyo, nitakuwa nimemuumbua mume wangu.

Wewe ndiwe uliyemlea, wewe atakusikia. Tafadhali ongea naye kabla ya Alhamisi, na unijibu upesi, hata kwa maneno mawili.

Ni mimi wifi yako,
Jelagat