Pakiti Tatu za Kwenda Ng'ambo ya Ziwa

Alhamisi, saa kumi na nusu. Kawajense, Mpanda.

Upepo umepiga tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, chai nimeinywa na mchanga wake.

Shajara, andika hivi: hakuna mtu Mpanda nzima anayeweza kunitia aibu. Sijawahi kuinamisha kichwa mbele ya mwanadamu, awe padri, awe mtendaji wa kata, awe marehemu mke wangu.

Uongo mtupu. Leo stendi nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto. Na mke wangu nilimwinamishia kichwa miaka arobaini, majirani ni mashahidi.

Ngoja nieleze.

Nina binti, kitinda mimba wangu. Ndiye aliyenifungulia hii blogu kwenye simu kabla hajaondoka, akasema Baba, badala ya kusumbua watu vilabuni uwe unasumbua humu. Jumanne kaniruhusu niandike habari hii, maana wakwe zake humu hawaingii, ila jina lake nisitaje. Nitamwita Kitinda.

Kitinda anaishi Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa Wakongo. Mumewe ni fundi wa mashine za machimbo. Mtoto wao ana miezi minane. Alizaliwa hapa Mpanda, na siku ile mama yake alipojifungua sitaisahau. Alishikwa na kifafa cha mimba. Mimi nilikuwa kwenye korido nimeshika kanga zake, naona manesi wanakimbia, hakuna anayenitazama usoni. Nimezoea kutania kila kitu. Siku ile sikupata hata neno moja la kutania.

Alipona. Daktari akamwambia mbele yangu: miaka miwili asibebe mimba nyingine, presha yake haijatulia. Akapewa vidonge vya majira, vile vya wanaonyonyesha ambavyo havipandishi presha, akavuka navyo.

Jumatatu akanipigia. Sauti yake ndogo, kama mtu anayeongea ndani ya kabati.

"Baba, samahani sana. Vile vidonge vyangu vimebaki sita."

Nikafunga mlango. Kwetu baba haongei na binti yake mambo haya. Mambo haya ni ya shangazi. Lakini dada yangu namjua. Akiambiwa siri saa mbili, saa nne Kawajense yote imeshaipata na chumvi juu. Na mama yake Kitinda hayupo duniani.

Akaniambia kwamba kule alijaribu vidonge vingine vya dukani, kichwa kikamuuma siku mbili, macho yakaona nyota, akaviacha akarudia vyake. Aina yake pale mtaani hawana. Hospitali kubwa alienda, wakamsemesha Kifaransa, akaelekezwa dirisha hili, akaelekezwa lile, mtoto analia mgongoni, akarudi nyumbani.

"Na mume wako yuko wapi?"

"Machimbo. Anarudi Jumapili. Ana miezi miwili hajaja."

Hapo sitaandika zaidi. Mimi ni baba wa mtu.

Nikapiga hesabu kwa vidole. Sita kuanzia Jumatatu, cha mwisho kinaliwa Jumamosi.

Jumanne nikachukua kadi yake ya kliniki aliyoiacha kwenye sanduku la mama yake, nikaenda kituo cha afya. Benchi limejaa kina mama. Nikakaa katikati yao. Nesi akatoa kichwa mlangoni.

"Babu, hapa ni uzazi wa mpango. Wazee wa presha ni mlango ule."

"Najua kusoma, mwanangu. Niliishia darasa la nne lakini herufi hazijabadilika."

"Sasa umemleta nani?"

"Nimejileta."

Benchi zima likacheka mpaka mtoto mmoja akaacha ziwa la mama yake kuniangalia. Na mimi nikacheka nao. Hadi hapo bado nilikuwa mwamba.

Ndani nesi akakataa. Dawa hizi anapewa mwenyewe, si baba yake. Nikamwonyesha kadi, nikampigia Kitinda, nikampa simu. Akaniambia nitoke nje. Wakaongea muda mrefu. Aliponiita tena alikuwa hacheki. Akanipa pakiti tatu, akanieleza kama unavyomweleza mtu anayekwenda kuvuka mto: kidonge kimoja kila siku, saa ileile. Akichelewa masaa matatu, kinga inaanza kulegea. Vikikatika, watumie kondomu.

"Mwambie hivyo hivyo, Babu."

"Mimi?"

"Si umejileta?"

Shajara, ujumbe ule niliuandika mara nne nikaufuta mara nne. Mwisho nikaandika: Nesi kasema vikikatika mtumie ile nyingine ya dukani. Akanijibu kwa kikatuni kilichoziba uso na mikono.

Jana nikampata wa kuvipeleka. Mama Devota anauza mchele, anavuka kila wiki mbili na kurudi na mawese. Basi lake la kwenda bandari ya Karema linaondoka leo saa nne, boti linavuka jioni. Akilikosa la leo, ni wiki mbili tena.

Pakiti nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikaogopa maji ya ziwa. Nina mwavuli wangu uliokufa, nikakata kitambaa chake, nikalifungia kopo, nikakaza na kamba ya katani. Nikajisifu kwa ufundi.

Kitambaa cha mwavuli ni cheusi. Na mimi ni Mfipa, na Wafipa tunasingiziwa kila mahali kwamba tunatuma radi za kichawi zilizofungwa kwenye vitambaa vyeusi.

Anayejua utani wetu na Wanyamwezi ameshajua kilichonipata. Pale stendi kuna Mnyamwezi mmoja, Mzee Mayunga, mziba pancha za baiskeli. Ni mtani wangu wa miaka yote. Kwenye msiba wa kaka yangu aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka tulipompa jogoo. Mimi mwaka juzi nilimwibia baiskeli yake nikaifunga juu ya mti. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na watu wanakucheka mwaka mzima.

Nimefika, basi limeshawashwa, Mama Devota yuko dirishani ananipungia. Natembea haraka. Mayunga kaniona na fundo jeusi kwapani.

"Jamani! Mfipa kabeba radi!"

Kabla sijageuka ameshalichomoa. Akaliinua juu ya kichwa. Watu wakajaa, mama lishe wakaacha sufuria zao.

"Leo nimemkamata! Hili linakwenda kumuua nani? Toa jogoo nikurudishie!"

Nikacheka. Ilibidi nicheke. "Mnyamwezi, lete, basi linaondoka."

"Liondoke. Radi haihitaji tiketi!"

Watu wanagongana mabega kwa kicheko. Konda anapiga bodi, anaita wa mwisho. Namwona Mayunga anaruka na lile kopo kama mwali ngomani, na mimi natabasamu, meno nje, na ndani ya kifua kuna mtu anapiga mlango kwa ngumi. Nilikuwa naona ile korido. Nilikuwa naona kanga mikononi mwangu.

Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mayunga, utani pembeni. Ni dawa ya mtu. Ni vidonge vya majira."

Akanitazama. Nikafikiri nimempata.

Akageukia watu akapaza sauti, "Mnamsikia? Eti vidonge vya majira! Mzee wa miaka sabini na mbili!"

Kicheko cha stendi nzima. Na kosa si lake. Miaka yote nimemdanganya yule mtu. Nilimwambia nimepata mchumba mzungu, akavaa koti la arusi. Leo nimemwambia kweli, kweli yenyewe ikawa kichekesho kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kumpa.

Basi likaanza kurudi nyuma.

Sijui ningefanya nini. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, na mtu akimpiga mtani wake kwetu ni balaa la ukoo. Ndipo Mama Devota akashuka mlangoni, kanga moja imelegea, akawapasua watu kama anapasua magugu.

"Wee mzee, lete hapa."

"Mama, huu ni utani wa Wafipa na Wany..."

"Mimi Mbende. Sina utani na wewe. Lete!"

Akalivuta. Mayunga naye alikuwa hajaachia. Kamba ikakatika, kifuniko kikaruka, pakiti tatu zikaanguka vumbini mbele ya watu wote.

Hata mama lishe walizijua. Hakuna mwanamke pale asiyezijua. Mmoja wao akainama, akaziokota, akazifuta kwa pindo la kitenge chake, akazirudisha koponi.

Mayunga kashika kitambaa cheusi, mdomo wazi. "Mfipa... kumbe kweli? Ni za nani?"

Watu wote wananitazama. Wanajua nina binti mmoja tu mwenye mume. Wanajua yuko Kalemie, na kwamba wakwe zake wa hapa mjini wanamdai mtoto wa pili tangu huyu wa kwanza hajaota meno. Jibu moja la kijinga, na jioni habari iko kwa wakwe.

"Ni zangu," nikasema. "Nimegoma kuzaa. Kwani nyie mnanilelea?"

Sijawahi kusikia stendi ikicheka vile. Konda alikaa chini. Mama Devota hakucheka. Alinitazama mara moja, akafunga kopo, akalitia kifuani ndani ya blauzi, akapanda. Basi likaondoka.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Njiani wawili wameshaniita Mama Majira. Jina hilo nitazikwa nalo, najua, na Mayunga atalisoma kaburini.

Mchana amekuja hapa, huyo Mayunga. Hakuingia ndani. Amesimama mlangoni na kitambaa cha mwavuli amekikunja vizuri kama leso ya kanisani. Akasema, "Mtani, hukukasirika." Nikamwambia sikukasirika. Akanikabidhi kitambaa, akaenda zake.

Nilidanganya. Nilikasirika. Na nilimkasirikia zaidi mzee huyu anayeandika, aliyecheka maisha yake yote mpaka siku ya shida hana uso mwingine wa kuonyesha.

Mama Devota kaniandikia saa tisa: yuko Karema, mizigo inapakiwa, kopo liko palepale kifuani. Kasema ziwa lina mawimbi lakini nahodha amekubali kuondoka. Tangu hapo namba yake haipatikani. Kitinda naye nimemtumia ujumbe, una tiki moja. Pengine hana chaji. Pengine hana umeme. Pengine ni ujumbe wangu ule wa dukani umemfanya aogope simu.

Akifika salama, kesho asubuhi anazo mkononi. Asipofika, Jumamosi kidonge cha mwisho, Jumapili mkwe wangu yuko mlangoni na furaha yake.

Je, ningesema kweli kwa sauti kubwa tangu mwanzo, Mayunga angeniamini? Au ningekuwa nimemwanika mtoto wangu bure?

Sijui. Mti wa jirani unainama kwa upepo na mimi naangalia simu kuliko ninavyouangalia.

Kitinda, mwanangu. Leo nimebeba mimba yako ya pili mbele ya stendi nzima nikaikana kwa niaba yako. Shukrani sitaki, na maneno mengi najua yanakutia haya, hata mimi yananitia. Ila kitu kimoja nakudai. Kopo likifika mkononi mwako, hata kabla hujalifungua, nibipu. Mara moja tu, ukate. Sitapokea.