Wimbo wa Papa kwenye mafunzo ya kukamua

Françoise, ndugu yangu, ninakuandikia leo leo.

Unajua Noël, ule alifungwa juu ya kuiba ng'ombe? Tangu atoke gereza, miye njo ninamufundisha kukamua na kutengeneza fromaji, ile jibini, apate kazi. Leo ng'ombe ilikataa. Akaiimbia, ikatulia.

Wimbo wa Papa yetu!! Ule alitungia ng'ombe zake mwenyewe, mbele ya wezi kumupeleka pamoja nazo, asirudi tena. Ule wimbo!

Nikamuuliza: «Nani alikufundisha?»

Akajibu bila kuacha kukamua: «Ng'ombe zilikataa kutufuata, dada. Mzee mwenye nazo akaziimbia mpaka tukafika Kalembe.»

«Na nyuma ya kupita Kalembe?»

«Nyuma ya kupita Kalembe tuliimba siye.»

Na miye, Françoise, nilimushikia ndoo mpaka ikajaa.