Baba, Upande wa Kushoto Unalia

Baba,

Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini nimeshindwa kuanza bila shikamoo. Shikamoo, Baba. Ni mimi, Sabina.

Mama hajambo. Anakula kidogo. Mto Lumemo ulijaa wiki ile tuliyokuzika, maji yakafunika tuta zima la matembele, na yalipopungua tukakuta kambare wawili kwenye tope. Mama akawakaanga. Nilikula, sikusikia ladha. Watu wakipita wananiuliza, "Mmeshapoa?" Nami najibu tumeshapoa, kwa kuwa ndivyo inavyojibiwa. Nateka maji, natwanga, naenda misa. Mikono inafanya kazi yenyewe kama ya mtu mwingine.

Nimekaa kwenye benchi lako la ufundi kukueleza habari za mashine ya muziki ya Bwana Rajabu. Nitaanza mwanzo kabisa, ingawa unayajua, maana nikiruka kidogo nitapata mahali pa kujificha.

Unakumbuka siku alipoileta kutoka Dar es Salaam. Amplifaya yenye spika mbili, moja kushoto, nyingine kulia, na kila moja na sauti yake. Ifakara nzima ilikwenda kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga kuisikiliza, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na jenereta. Ulirudi nyumbani ukaniambia, "Sabina, ukifumba macho, mpiga ngoma anakaa huku na mwimbaji anakaa kule." Ulifurahi kama uliyepewa shamba.

Baadaye unyevu ukaila. Bwana Rajabu akakuletea uitengeneze kabla ya harusi ya binti yake. Na hapo, Baba, ndipo penye siri yetu. Macho yako yalikuwa yameanza ukungu. Kwa miaka miwili wewe ulikuwa unasikiliza na kupima, mimi ndiye niliyeshika chuma cha kulehemu. Tulifunga mlango, tukawaambia watu ni kwa sababu ya vumbi. Ulisema, "Wakijua ni mkono wa binti, watakuja kumtazama binti. Redio hawataleta."

Ukaniambia nibadilishe kondensa moja upande wa kushoto, kile kidude kidogo chenye miguu miwili. Nikabadilisha. Siku ya harusi, pale pale penye jenereta, mashine iliimba vizuri mpaka watu walipoanza kucheza. Kisha upande wa kushoto ukakwaruza, ukanguruma, ukanyamaza. Bwana Rajabu alikuwa amevaa kanzu mpya, jasho linamtoka. Akasema mbele ya wageni wote, "Mzee Longini, macho yako yamekwisha. Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ulivua kofia. Ukasema, "Kosa ni langu, Bwana Rajabu." Kisha ukaondoka, na sanduku lako la vifaa ukaliacha pale pale.

Baada ya hapo redio hazikuja tena. Kila asubuhi ulikuwa unapangusa benchi lisilo na kitu. Masika yakaanza, kifua kikakubana, siku kumi na moja tu, ukatutoka. Kwenye matanga nilisikia mtu akisema, wala si kwa ubaya, "Alikuwa fundi, ila mwisho alikuwa haoni." Nikampa chai.

Jumanne iliyopita Mama alinituma nikachukue sanduku lako. Nikamkuta Bwana Rajabu mlangoni pa ghala lake, nikamwamkia, akanipa pole. Amplifaya ilikuwa kwenye kona, imefunikwa gunia. Nikamwomba niifungue. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka tu kushika kitu ulichokishika. Alinitazama, akasema, "Fungua, mwanangu. Haiwezi kufa mara ya pili."

Nikaiweka juu ya magunia ya mpunga, sanduku lako la vifaa pembeni. Injini ilikuwa inanguruma, watu wa Mofu na Kiberege wako kwenye foleni na mizigo yao, mama muuza uji yuko pale mlangoni na jiko lake la makaa. Nikafanya kama ulivyonifundisha. Mkono mmoja kazini, mwingine nyuma, umeme usije ukapita kifuani. Wewe ulikuwa unautia mfukoni. Mimi niliufunga kwenye khanga.

Kwanza niliunganisha redio. Spika zote mbili zikalia. Nikaunganisha gramafoni, nikaweka santuri. Ikasikika spika ya kulia peke yake. Basi spika ni nzima, na sehemu kubwa ya mashine ni nzima. Ugonjwa uko pale mwanzo, kwenye chumba kidogo kinachopokea sauti ya sindano ikiwa bado nyembamba kama ya mbu na kuikuza. Nikazihamisha nyaya za sindano, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kushoto bado kimya. Kumbe sindano haina kosa. Nikahamisha na valvu, zile taa ndogo za kioo, vivyo hivyo. Kushoto bado kimya. Nikachukua kijiti kikavu, nikaanza kugonga polepole, kiungo kimoja baada ya kingine, nikisikiliza.

Nilipogusa mguu wa ile kondensa, spika ya kushoto ikakwaruza.

Nikainama. Risasi ya kulehemia ya kiungo kile ilikuwa ya kijivu, imefifia, ina mikunjo kama uji uliolala. Viungo vingine vyote vinang'aa. Waya ulikuwa umekaa tu ndani ya risasi, haujashikwa. Nikauvuta kwa ncha ya koleo, ukatoka wenyewe.

Baba, kiungo kile ni changu.

Nakumbuka ile saa. Washenga kutoka Kiberege walikuwa njiani, nami nilikuwa sijaoga, nanuka moshi. Niliutikisa waya kabla risasi haijapoa. Niliona. Nilijua yanipasa nirudie. Ukaniuliza, "Imeshika?" Nikasema imeshika. Ukaniambia, "Haya, kaoge." Uchumba wenyewe ulivunjika kabla ya mavuno, wala si habari tena.

Nilipasha chuma kwenye makaa ya mama muuza uji, umeme wa upande ule ukazimwa, nikalehemu upya. Nikasubiri. Nilihesabu mpaka thelathini ingawa kumi ilitosha. Tulipowasha tena, ngoma ikasikika huku na mwimbaji kule, na watu wa foleni wakashangilia. Mwanamke mmoja alianza kucheza na ungo mkononi.

Bwana Rajabu akacheka. Akanishika bega, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kumbe Mzee alikuachia macho mazuri kuliko yake! Alichoshindwa baba, mtoto amekiweza!"

Nikajua ninachotakiwa kusema. Nikajua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua mpaka mwisho wa dunia. Wewe uko chini ya udongo. Mama haijui kondensa. Ningechukua sanduku, ningekwenda nyumbani, na kesho wangeniletea redio. Sitakudanganya. Niliuacha wimbo mzima uishe.

Kisha nikasema, "Bwana Rajabu, hii haikuwa kazi ya Baba. Aliyetengeneza leo ni mimi, na aliyeharibu siku ya harusi ni mimi. Yeye alikwisha kuacha kulehemu siku nyingi. Kiungo hiki nilikifanya vibaya nikijua."

Akaondoa mkono wake begani kwangu. Injini ilikuwa inaendelea kunguruma. Akainama akaitazama ile mashine, akasema, "Lakini alisimama hapa akasema kosa ni lake."

"Alisema."

"Nami nikamwambia vile mbele ya watu."

"Ulimwambia."

Akasema, "Ungesema akiwa hai, binti." Hakusema kwa hasira. Aliingia ghalani, akafunga mlango. Sikupata msamaha wake, na sikuwa nimekwenda kuutafuta. Mama muuza uji alinipa kikombe, akasema tu, "Kunywa." Nikanywa nikiwa nimesimama, mbele ya watu wote wanaonitazama.

Jioni nilimweleza Mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Baba yako siku ile alirudi akaniambia, 'Leo nimebeba kitu ambacho si kizito.' Nilidhani anazungumzia sanduku. Lakini sanduku hakuwa nalo."

Basi ulijua. Au labda hukujua, ulikuwa unasema tu kama wazee wanavyosema. Hilo ndilo linalonizunguka kichwani tangu Jumanne. Ulijua palepale harusini, uliposikia inakwaruza? Wewe uliyeweza kuitambua valvu mbovu ukiwa uani? Na kama ulijua, kwa nini hukuniita benchini hata siku moja ukaniambia, Sabina, ni kile kiungo? Ulikuwa unaningoja niseme? Ningesema, Baba. Nafikiri ningesema. Sijui.

Maneno yamesambaa. Kuna wanaoniita mwongo na kuna wanaoniita fundi, na wengine wananiita vyote kwa pumzi moja. Lakini kanisani Jumapili nilisikia wazee wawili nyuma yangu, mmoja akimwambia mwenzake, "Longini hakukosea. Ni binti." Nilitaka nigeuke niwaambie warudie kwa sauti kubwa zaidi. Jana Bwana Rajabu alimtuma mtu na pishi mbili za mchele kwa Mama, na ujumbe kwamba siku kaburi litakapojengewa, saruji isinunuliwe na mtu mwingine.

Mlango wa karakana sasa nauacha wazi. Vumbi linaingia kweli.

Nakuahidi kitu kimoja, kwa kuwa vingi sitaviweza. Mtu akiulizia kazi yoyote iliyotoka humu miaka ile miwili, nitamwambia ni mkono gani ulioifanya, nzuri na mbaya. Nawe sitakuacha usimame tena mbele ya watu kwa ajili yangu.

Siku ya Marehemu Wote nitakuja makaburini na jembe. Majani yatakuwa yamekuwa marefu. Mpaka leo sijalia, Baba. Kila mtu amelia isipokuwa mimi, hata yule muuza uji. Machozi yakija siku hiyo, utayaona. Yasipokuja, nitang'oa majani.

Lala salama, Baba.

Mwanao,
Sabina